Nyumba Iliyorukwa

"Umesema haya ninayokuambia hayatoki hapa?"

"Hayatoki, dada. Jina lako siandiki, naandika namba tu. Maneno yako yakisomwa mbele ya watu, yatasomwa bila jina. Ndiyo sheria yetu."

"Hata chuoni kwenu hawatajua ni mimi?"

"Hata chuoni."

Mwanamke aliyekuwa akijaza udongo kwenye vifuko vya miche alijifuta mikono kwenye sketi, akavuta kigoda, akakaa. Mtaani wanamwita Mama Miche, maana ua wake, kuanzia getini hadi kisimani, umejaa miche ya miti na maua ya kuuza. Aliyekaa mbele yake na karatasi mapajani ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na huko chuoni jina lake la kuzaliwa wamelisahau. Wanamwita Dodoso. Ni binti asiyeridhika na jibu moja. Ukimwambia umeshiba, atakuuliza umekula nini, umekula na nani, na nani kaosha vyombo.

"Basi andika," Mama Miche alisema. "Kaya hii ina watu watatu. Mimi, mume wangu, na huyu Bosi."

Bosi alikuwa mtoto wa miaka mitatu, kakaa chini kwenye udongo, anachezea chupa ya plastiki yenye kifuniko cha bluu.

"Mume anafanya kazi gani?"

Mama Miche alichungulia getini kwanza.

"Hapo ndipo penye siri. Anasoma chuoni kwenu hukohuko. Kanikataza nisiseme, eti wakijua familia yake inakaa kwenye mtaa wanaoufanyia utafiti watamtoa. Sijui mnaita mgongano wa nini."

"Mgongano wa maslahi."

"Huohuo. Yeye ndiye anayepima maji ya visima. Wenzake wanamtania, wanamwita Chupa."

Kalamu ya Dodoso ilisimama.

Ngoja nikueleze, msomaji, usije ukadhani binti kaishiwa wino. Kwenye idara yao ya mazingira hakuna anayesoma peke yake. Kila mwanafunzi wa mambo ya maji, udongo au hewa hupangiwa mwenzake wa mambo ya watu, na wawili hao hufanya utafiti mmoja. Yule wa maji lazima ajue kuhoji, na yule wa watu lazima ajue kupima. Dodoso alipangiwa Chupa. Walianza kwa kugombana kama kuku wageni, wakazoeana, wakapendana, na pete unayoiona kidoleni kwa Dodoso ilitoka kwa Chupa. Harusi ilikuwa mwezi ujao, baada ya mtihani.

Wikendi tu ndiyo hawakuwa wakionana. Kila Ijumaa Chupa huenda kumuuguza mjomba wake, mgonjwa wa siku nyingi, hafi wala haponi. Dodoso kwa roho nzuri humtumia huyo mjomba machungwa.

"Endelea kuuliza, mdogo wangu," Mama Miche alisema. "Mbona umenyamaza?"

"Hapana, nasikiliza. Huyo mume... anaishi hapahapa?"

"Anakuja Ijumaa, Jumapili anarudi bweni. Nisimseme vibaya, mikono mitupu haji. Machungwa kila wiki. Bosi akiyaona anaruka."

Dodoso aliinamia karatasi. Herufi zilikuwa zinaogelea. Alitaka kusimama, atupe dodoso, apige kelele mtaa mzima usikie. Lakini miaka miwili alikuwa amefundishwa jambo moja: mhojiwa akisema neno la kukuchoma, uso wako usibadilike, uliza swali linalofuata.

Akauliza swali linalofuata.

"Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Kisimani hapo. Nachemsha, kisha nachuja na kitambaa cheupe. Kwenye maji sifanyi mchezo."

"Kuna mtu anayeumwa mara kwa mara?"

"Huyu. Tumbo linamsokota mpaka anajikunja. Na kuongea kumemchelewea, maneno yake ni ya kuhesabu. Baba yake anasema minyoo."

"Na maji haya yamewahi kupimwa?"

Mama Miche alicheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Mume wangu anapima maji ya mtaa mzima. Ya kwetu hajayapima. Anasema akija hapa na vifaa vyake, watu watauliza mbona anajua mlango ulipo."

Dodoso aliandika neno kwa neno. Ng'ambo ya mtaro ilionekana karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari, na moshi wake ulikuwa ukishuka taratibu juu ya miche.

"Naona pete," Mama Miche alisema. "Hongera! Harusi lini?"

"Mwezi ujao."

"Na wako anafanya kazi gani?"

"Dada, hilo swali halimo kwenye dodoso."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja na lake. Kabla ya kuondoka, Dodoso alitoa chupa safi mkobani akaomba achote maji kidogo akayapime.

"Utaniletea majibu?"

"Siku yatakayotoka, siku hiyohiyo. Nipe namba yako ya simu."

"Usinidanganye kama wengine."

"Sikudanganyi, dada. Mtoto ni mtoto."

*

Hakufika hata mwisho wa uchochoro, simu ikaita. Mpenzi Wangu, kioo kilisema, na kimoyo chekundu pembeni.

"Mama watoto wangu! Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na ile nyumba uliyoniambia asubuhi imefungwa kufuli, karibu na mtaro?"

Hapa napo nikueleze. Walikuwa wakihoji kila nyumba ya tano. Ukikuta imefungwa, sheria yao ni kuingia ya kulia kwake. Chupa ndiye aliyeshikilia hesabu ianzie darajani, akazua ugomvi wa siku nzima kwa ajili ya daraja hilo, na Dodoso akaona mchumba wake ni mtu wa msimamo. Kumbe mwenzake alishapiga hesabu zake mapema ili nyumba ya miche isiangukiwe. Kitu ambacho hakukipigia hesabu ni kufuli la jirani, maana ya kulia kwake ndiyo nyumba ya miche.

"Nimeiruka," Dodoso alijibu.

"Safi. Nilikuambia uiruke, usijichoshe. Halafu mjomba kasema asante kwa machungwa."

"Anaendeleaje?"

"Tumbo bado linamsumbua."

Dodoso alisema mtandao mbaya, akakata simu. Alisimama ukutani pale uchochoroni akalia hadi mpita njia akamuuliza kama amefiwa. Akasema ndiyo.

Jioni alimpigia mama yake, mwalimu mstaafu, mama ambaye kadi za mwaliko ameshazigawa hadi kwa watu asiowapenda.

"Mama, mtu akigundua mchumba wake ana mke na mtoto, afanye nini?"

"Nani kagundua?"

"Mtu tu."

"Nani kamwambia?"

"Siwezi kusema, mama. Niliapa."

Mama alielewa. Mama hawi mwalimu miaka yote hiyo asielewe swali la namna hiyo.

"Kama huwezi kusema, basi hukusikia," alisema. "Ukumbi umeshapatikana. Usinitie aibu ya uzeeni."

*

Jumanne asubuhi Dodoso alikuwa maabara. Kupima alifundishwa na Chupa mwenyewe, mkono juu ya mkono, enzi zile wakipima maji na kupigana mabusu nyuma ya mashine. Aliyekuwa pembeni yake siku hiyo ni rafiki yake wa bweni, mchoraji wa ramani za utafiti wote wa idara. Huyo wanamwita Ramani.

Mashine ilitoa jibu. Ramani akainama kusoma.

"He! Madini ya risasi, mara ishirini ya kiwango! Rudia."

Dodoso alirudia. Jibu lilelile.

"Hiki ni kisima cha wapi? Visima vyote vya mwenzio vilikuwa salama."

"Unakumbuka ulisema ramani yetu ina kipara karibu na mtaro?"

"Nilimuuliza Chupa mbona hapo hakuna hata kitone, akasema hapana kisima."

"Kipo."

"Na kuna watu wanakunywa?"

"Kuna mtoto."

Ramani akamtazama. "Mtoto na risasi haviendi, shoga yangu. Hiyo inakula damu na akili. Na kuchemsha hakuiondoi. Mpigie mwenye nyumba sasa hivi."

"Nampigia."

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za maabara. Simu mkononi. Akaandika: *Dada, mimi ni yule wa dodoso. Maji ya kisima chako yana sumu, usimpe mtoto hata*

Kabla hajamaliza, ujumbe mwingine ukadondoka juu yake.

*Mke wangu mtarajiwa, umeshaniandalia slaidi zangu za Jumamosi? Nimeshachukua vipimo vya suti. Utalia ukiniona.*

Dodoso aliusoma. Akausoma tena. Kitu fulani kikamkaa kifuani, kigumu kama kokwa. Jumamosi palikuwa na kikao cha mrejesho: kila utafiti wa idara lazima urudishwe kwa wenyeji kabla ya mtihani, na wote waliohojiwa hualikwa. Na katika kikao hicho, Profesa wao huwalazimisha wabadilishane viti. Wa maji anasimama kusoma maneno ya watu, wa watu anasimama kueleza maji. Anayeshindwa kusoma kazi ya mwenzake hafanyi mtihani.

Mama Miche ataalikwa. Chupa atasoma.

Dodoso alirudi kwenye ule ujumbe wa mwanzo, akaufuta herufi baada ya herufi. Akamwandikia Mama Miche mwingine:

*Dada, Jumamosi tuna kikao ukumbi wa chuo. Tafadhali usikose. Majibu yako utayapata hapo.*

*Mume wangu alishanikataza kukanyaga chuoni,* lilikuja jibu.

*Njoo tu, dada. Mlete na Bosi.*

Kisha akamjibu mchumba wake: *Slaidi ziko tayari. Wewe utasoma tu.*

*

Ijumaa mchana, kabla Chupa hajaenda kwa "mjomba", walikaa chini ya feni bovu la maktaba. Chupa alikuwa na shati jipya na harufu nzuri. Mwanaume mzuri, tusimnyime haki yake.

"Hebu pitia maneno ya wahojiwa," Dodoso alimwambia. "Kesho usije ukababaika."

"Mpenzi, maneno ya watu si hesabu. Fulani kasema maji yananuka, fulani kasema serikali haitujali. Nitasoma palepale."

"Ni watu hao."

"Najua ni watu. Ila kipimo ndicho kinachosema kweli. Mtu anaweza kukudanganya, maji hayawezi."

Dodoso alimtazama machoni. Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na Mungu ni shahidi, kama angepita pale pengine mambo yangekuwa mengine.

"Una jambo lolote la kuniambia kabla ya kesho?"

Chupa alitabasamu, akamshika mkono, akaizungusha ile pete kidoleni mwake.

"Ninalo. Nakupenda kuliko mtu yeyote chini ya jua."

"Hakuna lingine?"

"Lingine lipi tena? Leta machungwa ya mjomba, nitachelewa."

Akampa machungwa.

*

Ukumbi ulijaa. Wenyeji wa mtaa nyuma, wahadhiri mbele, na kwenye kiti cha kwanza kabisa mama yake Dodoso na kilemba kipya, amekuja kumwona mkwe akihutubia. Profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni, alisimama.

"Mnaijua sheria. Badilishaneni viti."

Chupa alikwenda mbele na suti yake. Alisoma vizuri, sauti nzito, mkono mmoja mfukoni. Mhojiwa wa kwanza kasema hivi, wa pili kasema vile. Hakuwa hata akitazama watu, alikuwa akisoma ukutani, maneno makubwa ya projekta. Hakumwona mwanamke aliyeingia kwa kuchelewa akakaa karibu na mlango na mtoto mapajani.

"Mhojiwa namba kumi na saba," alisoma. "'Mume wangu anapima maji ya mtaa mzima. Ya kwetu hajayapima. Anasema akija hapa na vifaa vyake, watu...'"

Akautoa mkono mfukoni.

"Endelea," Profesa alisema.

"Profesa, naona hii slaidi ina... ina makosa kidogo."

"Makosa gani? Ni maneno ya mhojiwa. Sisi hatusahihishi wahojiwa. Soma."

"'...watu watauliza,'" Chupa alisoma, na ile sauti nzito ilikuwa imebaki uzi, "'mbona anajua mlango ulipo.'"

"Na inayofuata."

"'Tumbo linamsokota mpaka anajikunja. Baba yake anasema minyoo.'"

Nyuma ya ukumbi watu walianza kugeukiana. Nani huyo? Nani anapima maji ya mtaa mzima? Hata mjinga angejibu, maana mpimaji alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama pale mbele anatokwa jasho. Ndipo Bosi, aliyekuwa na maneno ya kuhesabu, akalitoa moja.

"Baba!"

Chupa aligeuka. Mama yake Dodoso, ambaye alichagua kuamini kijana kapatwa na woga wa kawaida, akapiga makofi.

"Usiogope, mkwe wangu! Soma, watu ni haohao!"

"Mkwe?" Mama Miche aliuliza kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Samahani, mama. Umesema mkwe wa nani?"

"Wangu. Anamwoa binti yangu mwezi ujao. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mhojiwa namba kumi na saba."

Ukumbi uliguna kwa pamoja.

"Huyu ni jirani yake mjomba wangu," Chupa alisema harakaharaka. "Profesa, huyu mama ana matatizo kidogo, mjomba wangu ndiye..."

"Mjomba gani?" Mama Miche alisimama na mtoto kiunoni. "Wewe una mjomba? Miaka mitano nimeolewa na wewe, cheti kiko sandukuni, huyo mjomba mbona sijawahi hata kumpikia uji?"

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, watu wana roho za ajabu. Mama yake Dodoso alikaa taratibu, akavuta kilemba kikafunika macho.

"Kaa chini, kijana," Profesa alisema. "Mwenzako aje aeleze maji."

Dodoso alipanda. Miguu yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Ramani aliyekuwa akimwangalia kutoka pembeni. Ramani ya mtaa ikatokea ukutani, vitone vya kijani kila mahali, na kitone kimoja chekundu penye kipara.

"Visima vyote alivyopima mwenzangu ni salama," alisema, sauti yake kavu. "Hiki hakukipima. Kina madini ya risasi, yale yanayotoka kwenye betri, mara ishirini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kuchemsha hakusaidii. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo: tumbo humsokota, damu hupungua, na kuongea kunachelewa."

Alikuwa akimtazama Chupa wakati wote. Alitaka kuona. Na aliona: uso wa yule mwanaume ulibomoka kama ukuta wa udongo uliolowa. Akamtazama Bosi, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Profesa alikuwa akiandika. Mama Miche hakulia. Alikuwa anasoma ukutani, mstari kwa mstari, hadi ule mdogo wa chini kabisa ambao watu wa maabara hawauachi hata nyumba ikiungua, maana kwao sampuli isiyo na tarehe si sampuli.

*

Chupa alimkuta Dodoso nje, kwenye ngazi za ukumbi. Tai ilikuwa imelegea, macho mekundu.

"Umenidhalilisha mbele ya mwanangu! Ungeniambia tu, tukae wawili tuongee! Huu ni ukatili!"

"Nilikuuliza jana kama una la kuniambia."

"Huu ni ukatili, nakuambia!"

"Siyo ukatili," Dodoso alisema, akivua pete. "Ni utafiti. Uliniambia mwenyewe, mtu anaweza kudanganya, maji hayawezi."

Akaitia ile pete kwenye mfuko wa suti mpya, akaugonga mfuko kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uchochoroni, alipumua hadi chini. Alihisi ameshinda. Na pengine hadithi ingeishia hapo, mkapiga makofi na kusema, dada huyu kiboko.

Lakini mlango wa ukumbi ulifunguliwa, Mama Miche akatoka na Bosi mgongoni. Chupa alimsogelea.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Wewe subiri zamu yako," alimwambia bila kumwangalia. Akasimama mbele ya Dodoso.

"Pole, dada," Dodoso alisema. "Pole sana. Sikuwa na namna nyingine, niliapa kutokusema, na wewe ulistahili kujua ni mtu wa aina gani..."

"Nilikuwa najua ni mtu wa aina gani. Mwanaume anayekuja na machungwa kila Ijumaa ana mtu anayemnunulia. Sikujua tu ni wewe." Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Mimi nina swali moja. Pale ukutani chini pameandikwa Jumanne."

Dodoso alirudi nyuma ngazi moja.

"Majibu uliyapata Jumanne?"

"Dada..."

"Nijibu. Wewe si mtu wa maswali? Jibu na wewe."

"Jumanne."

"Asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

Mama Miche alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha jumla.

"Jumatano alilia kutwa. Alhamisi nikampeleka zahanati. Wakasema mpe maji, mama, mpe maji mengi, asikaukiwe. Nikampa. Alikuwa hataki, nikamkaba kwa miguu, nikamziba pua, nikamnywesha kikombe kizima. Nikamchapa na kofi juu, eti mkaidi. Na wewe simu yangu unayo. Siku hiyohiyo ya Jumanne uliniandikia nije kwenye kikao."

"Nilianza kukuandikia. Nilianza, nikaufuta..."

"Ukaufuta."

"Nilikuwa na uchungu."

"Uchungu wako ulikuwa mkubwa kuliko mtoto wangu?"

Chupa akaona upenyo, akajipenyeza. "Umeona? Umeona alichomfanyia mtoto?"

"Na wewe nyamaza!" Hapo ndipo Mama Miche alipopaza sauti, na Bosi akashtuka mgongoni. "Wewe ulikwepa kisima ili usionekane. Huyu akaficha majibu ili aonekane. Mimi hapo katikati nachemsha maji!"

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Oaneni," alisema. "Ukumbi si mnao? Msiahirishe. Mnafaana kuliko watu wote niliowahi kuwaona."

Akashuka ngazi. Bosi aligeuza kichwa, akapunga mkono, kwa nani kati ya wale wawili, hakuna aliyejua.

*

Hawakuoana. Chupa alifutwa chuoni kwa kuficha kisima. Nasikia anakaa kwa ndugu, na mara nyingine hupita kwenye ile nyumba karibu na mtaro kutazama geti lililofungwa kwa mnyororo. Miche imekaukia kwenye vifuko vyake. Wenyewe walihama bila kuaga mtu, na kisima kimefunikwa kwa bati.

Dodoso alifaulu. Jopo lilisema haijawahi kutokea katika idara ile kazi iliyounganisha maji na watu vizuri namna hiyo, likampa alama za juu kabisa. Siku ya kuvaa joho mama yake hakuja. Alituma ujumbe: *Hongera. Umepata cheti, umekosa nyumba.* Ramani alikuja, akapiga picha moja ya haraka, akasema ana safari. Tangu ile Jumamosi urafiki wao ulikuwa wa kusalimiana tu.

Akiwa bado na joho, Dodoso alikaa kwenye zile ngazi za maabara, akatoa simu. Namba alikuwa nayo bado. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na safari hii akatuma.

*Dada, nisamehe. Naomba kujua kitu kimoja tu. Bosi anaendeleaje?*

Ujumbe ulifika. Ukasomwa. Ikaonekana upande wa pili mtu anaandika, anaacha, anaandika. Dodoso aliishika simu kwa mikono miwili.

Jibu likaingia.

*Hilo swali halimo kwenye dodoso.*

Akajaribu kupiga. Namba ilikuwa imeshamfungia.